Ukoo wa Oddi: mapadri, magoði, na mti wa nasaba usio mti

Waliokuja leo kutafuta mafunzo ya MySQL naomba wanivumilie, maana leo ni historia. Si kwamba nimeacha kuandika programu. Ni kwamba kila nikitafuta mfano mzuri wa kueleza jinsi ya kuhifadhi uhusiano wa watu katika hifadhidata, mifano ya vitabuni (mfanyakazi na meneja wake, meneja na meneja wake) hunichosha kabla sijafika katikati. Kisha nikakutana na ukoo mmoja wa Iceland wa karne ya 11 hadi ya 13, na kwa jioni kadhaa nimekuwa nikiingiza majina yao kwenye jedwali badala ya kufanya kazi ninayolipwa.

Kwa nini Iceland? Kwa sababu huko nasaba ni kazi ya programu kwelikweli. Friðrik Skúlason, yule yule aliyetengeneza F-PROT, programu ya kupambana na virusi ambayo wazee wa DOS wataikumbuka, alishirikiana na kampuni ya deCODE genetics kujenga hifadhidata ya nasaba ya taifa zima. Mwaka 2003 ilifunguliwa kwa wananchi kwenye wavuti. Wenyewe wanasema zaidi ya asilimia 95 ya watu walioishi Iceland tangu sensa ya 1703 wamo ndani. Inaitwa Íslendingabók, yaani Kitabu cha Watu wa Iceland.

Jina hilo hawakulibuni. Wamelitoa kwenye kitabu kilichoandikwa kati ya 1122 na 1133 na padri aitwaye Ari Þorgilsson. Ari alipomaliza toleo la kwanza aliwapa watu watatu walisome: maaskofu wawili wa nchi hiyo, na padri mmoja. Kisha akarekebisha, akatoa la pili, na hilo la pili ndilo lililotufikia. (Ndiyo, karne ya 12 watu walikuwa wakifanyiana ukaguzi wa kazi kabla ya kutoa toleo. Sisi tunajidai tumeuvumbua juzi.) Yule padri wa tatu ndiye ninayemtaka leo. Ni Sæmundr wa Oddi.

Kabla sijaenda mbali, neno moja kuhusu herufi. Þ isome kama "th" ya thelathini, na ð kama "dh" ya dhahabu. Sisi Waswahili tunazo sauti zote mbili mdomoni, kwa hiyo hakuna kisingizio. Ukiona visanduku mahali pa herufi, laumu fonti ya tarakilishi yako.

Majina nayo ni rahisi kwetu. "-son" ni bin, "-dóttir" ni binti. Sæmundr Sigfússon ni Sæmundr bin Sigfús, basi, na mwanawe hatakuwa Sigfússon bali Sæmundarson. Hakuna jina moja la ukoo linaloshuka kutoka baba hadi mjukuu, kwa hiyo ukitafuta ukoo kwa jina la mwisho hutapata kitu. Ukoo unatambuliwa kwa shamba. Hawa wa leo waliitwa Oddaverjar, watu wa Oddi, na Oddi ni shamba lililoko kusini mwa kisiwa, katika tambarare ya Rangárvellir, ambako mlima wa volkano wa Hekla unaonekana vizuri kabisa.

Nchi yenyewe haikuwa na mfalme. Tangu mwaka 930 hivi walikuwa na Alþingi, baraza la kila kiangazi, lenye sheria na mahakama lakini bila polisi wala serikali ya kutekeleza hukumu. Nguvu ilikuwa mikononi mwa magoði. Goði si chifu wa kupewa kazi na serikali. Alikuwa mtu mwenye cheo kinachomilikiwa kama mali: cheo hicho kilirithiwa, kiliuzwa, kiliazimwa, hata kiligawanywa vipande kati ya ndugu. Ukristo ulipokubaliwa kwenye baraza karibu mwaka 1000, magoði wengi hawakupoteza chochote. Walijenga makanisa kwenye mashamba yao, wakasomesha watoto wao upadri, wakaendelea.

Sæmundr alizaliwa 1056. Baba yake Sigfús alikuwa padri, na juu ya Sigfús vitabu vya kale vinapanda hivi: Loðmundr, Svartr, Úlfr, Jörundr goði, kisha Hrafn aliyehamia kutoka ng'ambo, kisha wazee wa huko, hadi Haraldr Meno ya Vita, mfalme wa Denmark wa kwenye hadithi. Kufikia hapo mimi nimeacha kuingiza data. Jörundr na Hrafn nawakubali. Haraldr nimempa alama ya kuuliza. Lakini tusicheke sana: Ari naye, mwandishi makini kuliko wote, aliorodhesha wazee wake mwenyewe hadi kwa mfalme wa Waturuki na miungu ya zamani. Nasaba ndefu ilikuwa hati ya kuingilia mjini.

Kijana Sæmundr alikwenda kusoma bara Ulaya. Ari anapaita Frakkland, na wataalamu bado wanabishana kama ni Ufaransa tunayoijua au sehemu fulani ya Ujerumani. Aliporudi akapewa daraja la upadri, akakaa Oddi, akaanzisha elimu pale, akaandika kwa Kilatini historia ya wafalme wa Norway ambayo imepotea yote. Watu walimpa jina la fróði, mjuzi. Karne nyingi baadaye wananchi walimgeuza mchawi. Inasimuliwa kwamba shetani, kwa umbo la sili, alimbeba mgongoni kuvuka bahari hadi Iceland, na walipokaribia ufukwe Sæmundr akampiga kichwani kwa kitabu cha Zaburi ili asije akamdai roho yake kama nauli. Kuna sanamu yake akiwa juu ya sili huyo mbele ya Chuo Kikuu cha Iceland.

Hadithi tamu, ila jambo alilolifanya Sæmundr kweli linanivutia zaidi. Mwaka 1096 au 1097 Askofu Gizurr alipitisha sheria ya zaka kwa msaada wa watu wawili: Markús, msemaji wa sheria wa baraza, na Sæmundr. Ilikuwa kodi ya kwanza ya nchi nzima. Kila mwenye mali alithamini mali yake na kutoa takriban asilimia moja kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu manne: la askofu, la padri, la jengo la kanisa, na la maskini.

Sasa fikiria kama mhandisi. Kanisa liko kwenye shamba lako. Wewe ndiye mlinzi wake, na fungu la kanisa unalishika wewe. Padri ni wewe mwenyewe, au ni kijana unayemlisha na kumlipa, kwa hiyo fungu la padri nalo linapita mikononi mwako. Na shamba ulilolitoa wakfu kwa kanisa halilipiwi zaka, ingawa wewe na watoto wako bado mnaishi hapo mkiliendesha. Aliyeandika msimbo ndiye aliyekuwa na seva nyumbani kwake. Sisemi Sæmundr alikuwa mwizi. Huenda aliamini kwa dhati kwamba nchi inahitaji kanisa lenye kipato, na ililihitaji. Lakini utajiri wa Oddi kwa miaka mia iliyofuata ulitoka hapo, na vita vya wajukuu wake vilitoka hapo pia.

Mwanawe Loftr naye akawa padri, na akaoa vizuri ajabu. Mkewe aliitwa Þóra, binti wa Magnús Miguu Mitupu, mfalme wa Norway aliyeuawa Ireland mwaka 1103. Ni binti wa nje ya ndoa.

Hapa ndipo jedwali linapoanza kuwa na maana. Programu nyingi za nasaba nilizowahi kuzifungua zinataka uanze na ndoa: mume, mke, tarehe, halafu watoto wananing'inia chini yao. Ukilijenga jedwali namna hiyo, Þóra hana mahali pa kukaa, na bila Þóra ukoo wa Oddi unabaki ukoo wa mapadri matajiri wa kijijini. Kupitia kwake mtoto wao Jón Loftsson, aliyezaliwa 1124, akawa mjukuu wa mfalme. Alilelewa Norway, katika mji wa Konungahella, kwa padri aitwaye Andréas. Akiwa mtu mzima, karibu 1190, alitungiwa shairi refu linalowahesabu wafalme wa Norway mmoja baada ya mwingine hadi linamfikia yeye. Mtu anatungiwa nasaba kama wimbo wa sifa! Kwa hiyo fanya hivi: jedwali moja la watu, na lingine la viungo, mtoto kwa mzazi, bila kuuliza kama palikuwa na harusi. Ndoa iwe jedwali la tatu, la hiari.

Jón alikuwa shemasi na goði, na hakuna mtu Iceland aliyekuwa na sauti kama yake. Mfano: karibu 1181 goði mmoja mkorofi wa magharibi, Sturla Þórðarson, alikuwa na kesi na padri Páll Sölvason. Katikati ya mazungumzo mke wa padri, Þorbjörg, alimrukia Sturla na kisu akilenga jicho, akisema anamfanya afanane na Óðinn, mungu wa jicho moja. Kisu kikapata shavu. Sturla, damu ikimtiririka, akatulia na kudai afidiwe kiasi ambacho kingemfilisi padri. Jón akaitwa kuamua. Fidia ikashushwa sana, na ili Sturla asione ameaibishwa, Jón akajitolea kumlea mtoto wake mdogo pale Oddi. Mtoto alikuwa na miaka kama mitatu. Jina lake Snorri Sturluson.

Wanaojua fasihi wameshaelewa. Snorri alikulia Oddi, kati ya vitabu na mapadri na nasaba za wafalme, na baadaye akaandika Edda, na ndiye anayetajwa kuwa mwandishi wa Heimskringla, historia ya wafalme wa Norway. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu miungu ya kaskazini imepita kwenye kalamu yake. Na kiungo chake na Oddi si cha damu wala cha ndoa. Malezi nayo yanahitaji safu yake kwenye jedwali la viungo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Mbele kidogo ya hapo, Jón alipokuwa kijana, aliishi Oddi mvulana wa familia iliyofilisika, Þorlákr Þórhallsson, aliyeletwa na mama yake Halla asome kwa padri Eyjólfr, ami yake Jón. Mvulana alikuwa na dada aitwaye Ragnheiðr. Þorlákr alisoma, akapata upadri, akaenda Paris na Lincoln, na mwaka 1178 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Skálholt. Ragnheiðr naye alizaa na Jón. Jón alikuwa na mke wa ndoa, Halldóra, aliyemzalia Sæmundr mwaka 1154. Páll, mtoto wa Ragnheiðr, alizaliwa 1155. Fanyeni hesabu wenyewe.

Askofu mpya alirudi na maagizo ya askofu mkuu wa Niðarós huko Norway: makanisa na mali zake ni ya kanisa, si ya wenye mashamba. Na wenye wake wawili waachane na mmoja. Mashariki mwa nchi magoði walianza kusalimu amri mmoja mmoja. Kisha akafika Höfðabrekka, ambako Jón alikuwa amejenga kanisa jipya likisubiri kuzinduliwa. Askofu alidai kwanza kanisa likabidhiwe. Jón akakataa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa hii: agizo la askofu mkuu nitalisikiliza, ila sitalifuata, na sidhani anajua au anataka mema kuliko Sæmundr mjuzi na wanawe, wazee wangu. Askofu aliliweka wakfu kanisa bila kupata alichodai, na wengine wote walipoona hivyo nao wakakaza. Suala la makanisa likalala kwa karibu miaka mia.

Ona alichokitumia kujitetea. Hakutaja sheria wala fedha. Alitaja nasaba: nimetoka kwa aliyeandika sheria ya zaka, nani atanifundisha mimi kanisa? Na aliyesimama mbele yake alikuwa amefundishwa kusoma na mtoto wa Sæmundr huyo huyo, na alikuwa mjomba wa mtoto wake. Kuhusu Ragnheiðr, askofu alitishia kumtenga Jón na kanisa. Hatimaye Jón aliachana naye, kwa wakati wake, na kwa kauli yake.

Mwaka 1190 askofu mkuu alitumia njia nyingine. Alipiga marufuku kumpa upadri mtu yeyote mwenye cheo cha goði. Kwa amri moja, mseto uliowajenga watu wa Oddi, padri na goði ndani ya kofia moja, ulikatwa kwa siku za mbele.

Þorlákr alifariki Desemba 1193. Nani alimrithi kiti? Páll, mtoto wa dada yake na wa mpinzani wake. Mtoto wa nje ya ndoa, mwenye mke na watoto, akawekwa wakfu mwaka 1195. Na katika baraza la 1198 Askofu Páll alitangaza kwamba ruhusa imetolewa ya kumwomba mjomba wake kama mtakatifu. (Roma ilichukua muda wake: Papa Yohane Paulo wa Pili alimtambua rasmi kuwa msimamizi wa Iceland mwaka 1984.) Maisha ya mtakatifu yakaandikwa, na toleo la kwanza linapita upesi sana juu ya magomvi yake na wakubwa. Kisa cha Jón, Höfðabrekka na Ragnheiðr kimo katika toleo la baadaye, kilipoongezwa kama sura nzima. Mimi nasoma pengo hilo kama kazi ya heshima ya mtoto: mjomba anapandishwa mbinguni, baba anafunikwa shuka. Mwingine anaweza kusoma tofauti.

Nampenda Páll, lakini. Aliamuru makanisa na mapadri wa jimbo lake wahesabiwe ajue wanaohitajika ni wangapi, jambo ambalo mtu wa data hawezi kulipuuza. Mwaka 1207 mkewe Herdís alizama katika mto Þjórsá pamoja na binti yao Halla. Angalia jina la binti: ni la mama yake Ragnheiðr, yule aliyekuja Oddi na watoto wake hana kitu. Páll alifariki 1211. Kitabu cha maisha yake kilisema aliagiza jeneza la jiwe lichongwe, na mwaka 1954 wachimbaji wa mambo ya kale walilikuta Skálholt, na yeye ndani, na fimbo ya kiaskofu yenye kichwa cha pembe ya walrasi.

Sæmundr, yule wa 1154, alirithi Oddi. Paliwahi kuzungumzwa amwoe Langlíf, binti wa jarl Haraldr wa visiwa vya Orkney, lakini jarl alikataa kumpeleka bintiye Iceland kwa harusi na Sæmundr akakataa kwenda kuoa Orkney. Hakuoa kabisa. Alizaa watoto na wanawake kadhaa, na alipofariki 1222 nguvu ya Oddi ikagawanywa kati yao. Mmoja wao, Hálfdan, alikaa Keldur, ambako nyumba ya zamani ya majani na udongo bado imesimama. Alikuwa mtu wa amani, jambo lililomuudhi mkewe Steinvör, binti wa ukoo wa Sturlungar. Miaka ya 1230 hadi 1260 koo chache kubwa zilichinjana hadi nchi ikajitia chini ya mfalme wa Norway, 1262 hadi 1264. Watu wa Oddi hawakuwa tena waamuzi wa mtu yeyote.

Nilipomaliza kuingiza majina niliandika swali dogo la kujirudia: chukua watu wawili, panda kwa wazazi wote wa kila mmoja, onyesha wanapokutana. Nikajaribu na vifo vilivyo kwenye jedwali. Mwaka 1264 Þórðr Andrésson, mtoto wa Andrés, mtoto wa Sæmundr, mtoto wa Jón, alikatwa kichwa kwa amri ya Gizurr Þorvaldsson, jarl wa mfalme. Gizurr ni wa Haukdælir, ukoo mwingine wa mapadri, kwa hiyo ukifuata baba kwa baba hawakutani kokote karibu. Lakini mama yake Gizurr aliitwa Þóra. Þóra huyo (alikuwa na dada mkubwa aliyeitwa Þóra pia, kwa hiyo msitumie jina kama ufunguo, nawasihi) mama yake alikuwa Sólveig. Na Sólveig ni binti wa Jón Loftsson. Aliyeuawa na aliyeua walikuwa vitukuu wa mtu mmoja. Gizurr huyo huyo ndiye aliyewaongoza watu waliomuua Snorri mwaka 1241, na Snorri alikuwa baba wa mwanamke aliyewahi kuwa mke wake.

Hii ndiyo sababu nimeita mti usio mti. Matawi yanarudi na kugusana, na mtu mmoja unamfikia kwa njia mbili au tatu. Unaochora ni mtandao wenye mshale wa kuelekea chini tu, na programu inayodhani ni mti itamhesabu Jón mara nyingi kisha ikuchanganye.

Kuhusu kanisa: Askofu Árni Þorláksson, aliyeingia Skálholt mwaka 1269, alilifufua dai la Þorlákr, na safari hii hapakuwa na Jón. Mvutano uliisha kwa mapatano ya 1297. Makanisa yaliyomiliki zaidi ya nusu ya shamba lake yakaenda kwa askofu, mengine yakabaki kwa wenyewe. Oddi ilikuwa imetolewa wakfu zamani na wazee wa ukoo, kwa hiyo ikaangukia upande wa kwanza, na tangu hapo padri wa kukaa pale aliwekwa na askofu.